Mbona Mtoto Alikuwa Mzima Hadi Miezi Sita?

Leo nataka tuzungumze juu ya swali ambalo huulizwa mara nyingi katika zahanati yetu, huku kwenye miteremko ya Mlima Meru. Swali lenyewe ni hili: mtoto amezaliwa na ugonjwa wa seli mundu, tena ameurithi kwa baba na mama yake. Mbona basi alikuwa mzima, mnene na mchangamfu kwa miezi ya kwanza, ndipo akaanza kuumwa?

Swali hili si dogo. Mahali lisipojibiwa, watu hutafuta mchawi. Mimi mwenyewe nilipata kukosea kwa sababu sikulifahamu vizuri. Nitaanza na kosa langu, ili wewe usilirudie.

KOSA LANGU

Mama mmoja alikuja na mtoto wa miezi miwili. Mama huyo kwao ni upande wa Tabora, na mumewe ni mtu wa Mkoa wa Mara. Walikutana huku, walipokuja kutafuta kazi za mashambani upande wa Usa River. Mtoto wao wa kwanza alikuwa amefariki kabla ya kutimiza miaka miwili, kwa upungufu wa damu. Sasa mama alitaka kujua kama huyu wa pili ana ugonjwa.

Niliagiza kipimo rahisi, kile ambacho tone la damu hutiwa dawa, kisha hutazamwa kwa darubini kuona kama chembe nyekundu zinajikunja kama mundu. Chembe hazikujikunja. Nikamwambia, "Mama, furahi. Mtoto ni mzima."

Mwezi wa Julai, wakati ukungu unakaa mlimani hadi saa nne asubuhi na baridi inaingia mifupani, mama alirudi. Mtoto alikuwa na miezi minane. Vidole vya mikono na nyayo za miguu vilikuwa vimevimba, na alilia kila alipoguswa. Safari hii walifuatana na bibi, mama mzazi wa baba.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyesema mtoto huyu mzima. Umempima mwenyewe ukaona hana kitu. Basi ugonjwa huu umetoka wapi, kama si mkono wa mtu?" Na aliposema "mtu" alimtazama mkaza mwanawe.

Sikuwa na jibu. Mtoto alipelekwa hospitali, damu yake ikapimwa kwa mashine inayotenganisha namna za himoglobini, na ugonjwa wa seli mundu ukaonekana. Ulikuwamo tangu tumboni. Kipimo cha kwanza kilitumika kabla ya wakati wake, nami sikujua. Kwa kutojua kwangu, nilimpa bibi sababu ya kumshuku mke wa mwanawe.

DAMU YA TUMBONI NA DAMU YA UKUBWANI

Ndugu msomaji, damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya chembe nyekundu. Ndani ya kila chembe nyekundu imejaa protini iitwayo himoglobini. Kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Chembe iliyo nzima ni ya mviringo na laini, hata hupenya katika mishipa myembamba kuliko unywele.

Mtoto aliye tumboni havuti hewa. Oksijeni yake huipata kutoka katika damu ya mama, kwa njia ya kondo la nyuma. Kwa hiyo mwili wake hutengeneza himoglobini ya namna ya pekee, yenye nguvu ya kuvuta oksijeni kuliko ile ya mama. Tuiite himoglobini ya kichanga. Mtoto akiisha kuzaliwa anapumua mwenyewe. Pole pole mwili huacha kutengeneza himoglobini ya kichanga, na badala yake hutengeneza himoglobini ya ukubwani. Badiliko hilo huanza hata kabla ya kuzaliwa. Mtoto afikapo kati ya miezi sita na mwaka mmoja, himoglobini ya kichanga kwa kawaida imebaki kidogo sana. Jambo hili humpata kila mtoto, mwenye ugonjwa na asiye nao.

Sasa sikiliza vizuri. Kosa la seli mundu liko katika himoglobini ya ukubwani tu. Jeni ni maagizo ambayo mwili huyafuata katika kutengeneza protini. Katika jeni moja ya himoglobini ya ukubwani, herufi moja ya maagizo imebadilika. Himoglobini inayotokana na maagizo hayo, ikiisha kuachia oksijeni, hushikamana yenyewe kwa yenyewe, kama nyuzi za mkonge zinavyosokotwa kuwa kamba. Kamba hizo huivuta chembe ikawa ngumu na kupinda kama mundu. Chembe za namna hiyo huziba mishipa midogo, na hayo ndiyo maumivu makali ya mifupa. Tena huvunjika upesi. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini chembe mundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu na macho yake huwa ya manjano.

Himoglobini ya kichanga haina kosa hilo. Zaidi ya hayo, ikiwamo ndani ya chembe kwa wingi, huzuia zile nyuzi zisisokotwe. Kwa hiyo mtoto mwenye seli mundu huzaliwa akiwa na kinga yake ndani ya damu. Ndiyo sababu mtoto yule alinona vizuri. Ndiyo sababu pia chembe zake hazikujikunja chini ya darubini alipokuwa na miezi miwili: himoglobini ya kichanga ilikuwa bado imejaa, ikauficha ugonjwa. Kinga ilipopungua, ugonjwa ukajitokeza.

MGAWA MAJI WA MWILI

Lakini ni nani anayeuambia mwili uache himoglobini ya kichanga? Hapa pana jambo ambalo wataalamu wamelifahamu vizuri katika miaka ya karibuni tu.

Sisi wa huku mlimani tunaijua mifereji. Maji yanayoteremka kutoka Meru ni yale yale, lakini yana zamu. Leo shamba hili, kesho lile. Yuko mtu anayeaminiwa kugawa maji. Yeye hapandi migomba wala mahindi ya mtu. Kazi yake ni kuziba huku na kufungua kule. Hata hivyo akiziba, shamba hukauka, na akifungua, shamba hustawi.

Mwili nao una wagawa maji. Karibu kila chembe hai ya mwili ina maagizo yote, yaani jeni zipatazo 20,000. Jeni za kutengeneza jicho zimo hata ndani ya ini. Mbona basi ini halioti jicho? Kwa sababu ziko protini ambazo kazi yake ni kuamua jeni ipi ifanye kazi, mahali gani na wakati gani, na ipi inyamaze. Protini hizo ndizo zinazomfanya mtoto akue kwa utaratibu tangu mimba hadi utu uzima.

Protini inayoziba himoglobini ya kichanga inaitwa BCL11A. Jina hili ni la herufi na namba, usilihangaikie sana. Shika kazi yake. Katika chembe zinazotengeneza damu, mtoto akiwa tumboni protini hii ni chache. Baadaye huongezeka, hushika mahali karibu na jeni za himoglobini ya kichanga, na kuzinyamazisha. Ndipo nguvu ya utengenezaji, kama maji ya mfereji, huelekea kwenye jeni ya himoglobini ya ukubwani.

Angalia basi, ndugu msomaji: mgawa maji huyu hakufanya kosa lolote. Amefuata zamu, kama anavyofanya kwa kila mtoto duniani. Ila shamba alilolifungulia maji lilikuwa na mbegu mbaya tangu mwanzo. Hakuna jirani aliyemtazama mtoto kwa jicho baya akiwa na miezi sita. Zamu ya maji ilibadilika, basi.

JINSI ILIVYOJULIKANA

Chembe zenye umbo la mundu zilielezwa katika maandishi ya kitabibu mwaka 1910 na daktari James Herrick wa Chicago, Marekani. Mwaka 1948 daktari Janet Watson wa New York alitambua kwamba chembe za vichanga hazijikunji kama za wakubwa. Akakisia kwamba himoglobini ya kichanga ndiyo inayowakinga.

Ushahidi mwingine ulitoka hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyelelewa Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi jeni ya seli mundu kwa mzazi mmoja tu huwa na kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hii ni ya kawaida pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni chache katika nyanda za juu zenye baridi ambako mbu wa malaria walikuwa wachache. Mwaka 1958 madaktari Jacob na Raper, waliofanya kazi Uganda, walieleza habari za watu ambao miili yao iliendelea kutengeneza himoglobini ya kichanga hata ukubwani. Watu wa namna hiyo, hata wakiwa na jeni ya seli mundu, hawapati taabu ile kubwa. Kwao mfereji wa utotoni haukuzibwa kabisa.

Mwaka 2008 ndipo Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao wa Boston, Marekani, walipoonyesha kwamba BCL11A ndiyo inayoziba. Na mwaka 2011 watafiti, akiwamo Profesa Julie Makani wa Muhimbili, Dar es Salaam, walitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa wa Tanzania na Uingereza. Walikuta kwamba tofauti ndogo za maagizo katika jeni ya BCL11A zinaambatana na kiasi cha himoglobini ya kichanga alichobaki nacho mgonjwa. Hii ni sababu mojawapo kwa nini ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na seli mundu, mmoja akalazwa kila mwezi na mwingine akaenda shule bila taabu kubwa.

JE, TUMFUKUZE MGAWA MAJI?

Msomaji mwerevu atauliza: kama huyu ndiye anayeziba, kwa nini asiondolewe?

Haifai, kwa sababu ana kazi nyingine. BCL11A hufanya kazi pia katika ubongo unaokua na katika chembe nyeupe zinazolinda mwili. Watoto wachache duniani wamezaliwa na hitilafu katika jeni hiyo. Himoglobini ya kichanga hubaki kwa wingi katika damu yao, lakini huchelewa kusema na kujifunza. Ukimfukuza mgawa maji kijiji kizima, utapata maji shambani kwako na kukausha mashamba ya wenzako.

Mwaka 2013 wataalamu waligundua njia. Katika maagizo ya BCL11A kuna sehemu ambayo ni kama kengele ya kumwita mgawa maji kwenye shamba la damu peke yake. Wakaona kwamba wakiikata kengele hiyo, hatakwenda kwenye damu, lakini atakwenda kwenye ubongo kama kawaida. Mwaka 2019 Bibi Victoria Gray wa Marekani alitibiwa hivyo. Chembe mama za damu zilitolewa mwilini mwake, zikakatwa kengele, kisha zikarudishwa. Matibabu hayo, yaitwayo Casgevy, yaliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tena mgonjwa hupewa kwanza dawa kali za kuua uloto wake wa zamani. Si dawa utakayoikuta zahanati.

Lakini usikate tamaa. Iko dawa ya vidonge iitwayo haidroksiyurea, ambayo humezwa kila siku na huongeza himoglobini ya kichanga bila kukata kitu chochote. Watoto zaidi ya 600 wa Kenya, Uganda, Kongo na Angola walipewa dawa hiyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Maumivu yalipungua, malaria na maambukizo mengine yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, na vifo vilipungua. Dawa hii hutolewa na daktari, na damu lazima ipimwe mara kwa mara. Mama mjamzito asiitumie. Vilevile, tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imepandikiza uloto kwa watoto wenye seli mundu, pale ambapo ndugu mwenye uloto unaolingana amepatikana.

WEWE UFANYE NINI?

Arusha ya leo ni ya watu wa kila mkoa. Kijenge, Unga Limited, Tengeru na Usa River utakuta mtu wa Tanga amemwoa mtu wa Mwanza. Usiseme, "Huu si ugonjwa wa huku." Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye seli mundu kila mwaka. Basi fanya hivi:

1. Jueni hali zenu kabla ya kuoana au kuzaa. Mtu mwenye jeni moja ni mzima, wala haumwi. Mkiwa nayo nyote wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Nasema kila mimba. Kuzaa mmoja mgonjwa hakuhakikishi kwamba watatu wanaofuata watakuwa wazima.

2. Mtoto mchanga apimwe kwa kipimo kinachotenganisha namna za himoglobini. Kile kipimo rahisi cha kutazama chembe zikijikunja kisiaminiwe kwa mtoto aliye chini ya miezi sita. Uliza: "Ni kipimo gani hiki?" Una haki ya kuuliza.

3. Mtoto mwenye seli mundu apewe penisilini kila siku hadi afike miaka mitano, chanjo zote, na vidonge vya foliki asidi, kama atakavyoelekezwa na mganga.

4. Alale ndani ya chandarua. Kinga dhidi ya malaria ni ya mwenye jeni moja tu. Mwenye jeni mbili huuawa na malaria upesi. Mnaposafiri kutoka mlimani kwenda Mto wa Mbu au nyumbani kando ya ziwa, ongezeni uangalifu.

5. Mvikeni soksi na sweta wakati wa baridi ya Juni na Julai. Baridi huamsha maumivu.

6. Anywe maji mengi. Huku kwetu pana shida moja: maji ya vijiji vingi vya kandokando ya Meru yana madini mengi ya floridi, yanayoharibu meno na mifupa. Kuyachemsha huua vijidudu, hakuondoi floridi. Tafuta maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, au chanzo kilichopimwa, au chujio la mkaa wa mifupa kama lile linalotokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Ngurdoto.

7. Mpelekeni hospitali upesi mkiona homa, weupe wa ghafla wa viganja na midomo, bandama kuvimba upande wa kushoto wa tumbo, kifua kubana, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Msingoje asubuhi.

MWISHO WA HABARI

Nilikwenda nyumbani kwa bibi yule nikamweleza kosa langu. Kisha nikachora mfereji mmoja na mashamba mawili mavumbini, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Alikaa kimya. Halafu akauliza, "Ina maana hii mbegu imetoka kwa mwanangu pia?"

"Ndiyo, bibi. Nusu kwa baba, nusu kwa mama."

"Na mwanangu aliipata wapi?"

"Kwako, au kwa babu. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyekosa. Huenda iliwaokoa na malaria mlipokuwa wadogo."

Bibi alimgeukia mkaza mwanawe. "Mama," akamwita, "mlete mtoto nimshike, wewe pumzika." Hakusema zaidi ya hapo. Siku ya kliniki iliyofuata walikuja wote watatu, na mtoto alikuwa amevaa soksi mbili mbili.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mtoto mwenye seli mundu huonekana mzima katika miezi ya kwanza?
2. Protini ya BCL11A inafananishwa na nani? Je, ndiyo yenye kosa?
3. Kwa nini kipimo rahisi kinaweza kudanganya kwa mtoto wa miezi miwili?
4. Katika kijiji chako, mtoto akiugua ghafla watu husema nini? Mtu aliyesoma habari hii angewajibu vipi?
5. Maji ya kunywa ya kijiji chenu yamepimwa floridi? Nani ataulizwa?